Jina Lililofutwa kwa Raba

Kadi moja ilikuwa imelowa. Nyingine zote ndani ya droo zilikuwa kavu, na paa la maktaba halikuwa limevuja tangu Krismasi. Kadi ile haikuwa na jina la kitabu wala namba ya rafu, na ilinukia maua ya langilangi, ingawa mlangilangi wa karibu ulikuwa ng'ambo ya kijiji. Vaosa, mwalimu na mtunza maktaba wa shule ya sekondari katika kisiwa cha Savai'i, aliitupa. Kesho yake akaikuta palepale.

Wiki hiyohiyo, kabla ya kadi kuonekana, alikuwa akifundisha utafiti. Kila mwanafunzi aliandika majina ya ukoo wake, na kando ya kila jina akaeleza amelipata wapi.

"Jina lenye chanzo kimoja ni uvumi," Vaosa aliwaambia. "Lifute."

"Hata la mjomba Aleki, mwalimu?" akauliza mmoja. "Yule tunamfuta kila Jumamosi, Jumapili anarudi kula."

Darasa likaangua kicheko. Binti mmoja, Pesaleli, hakucheka.

"Mwalimu, hili nimepewa na bibi. Alinikanya nisilipoteze."

"Ameliandika wapi?"

"Hakuandika. Tulimzika mwaka jana."

Vaosa mwenyewe ndiye aliyeshika raba.

Alhamisi Pesaleli aliacha kula. Ijumaa alianza kukohoa maji ya chumvi. Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu, na mchana ule, wenzake wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Vaosa alisikia droo ya kwanza ikifunguka, kisha ya pili, kisha ya tatu, taratibu, kama mtu anayetafuta kwa mpangilio uleule aliowafundisha, kidole kikipekua kadi moja baada ya nyingine, kikisita, kikirudi nyuma, kikianza upya, na harufu ya langilangi ikazidi, na alipothubutu kugeuka hakuona mtu, ila sakafu ya saruji ilikuwa na nyayo za maji zilizofika hadi nyuma ya kiti alichokalia.

Alikimbilia kwa kina Pesaleli. Binti alikuwa amelazwa mkekani, na Leutu, mganga wa kijiji, alikuwa akimkanda tumbo kwa majani.

"Wewe nani?" Leutu alimwuliza yule aliyekuwa ndani ya binti. Ndiyo desturi: mzimu hujitaja, ukaombwa radhi, ukaenda zake.

Midomo ya Pesaleli ilihangaika. Sauti haikutoka. Yalitoka maji.

"Anatafuta jina lake," Leutu akanong'ona. "Hanalo. Nani kamnyang'anya?"

"Sisi hatulijui," mama yake Pesaleli akajibu kwa sauti ya chini. "Mama yangu alimwachia huyu mtoto peke yake."

"Ni mimi," Vaosa akasema. "Nililifuta."

"Haya, mwalimu wa kutafuta. Tafuta sasa. Mtoto hafiki asubuhi," Leutu akasema.

Karatasi ya Pesaleli ilikuwa mkobani mwake. Vaosa aliipeleka mlangoni, akaiinamisha kwenye mwanga. Raba ilikuwa imeondoa weusi, lakini penseli ilikuwa imechimba. Alifuata mikwaruzo kwa ukucha, herufi moja moja.

"Lagimaina," akasema.

Pesaleli akavuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyekaa chini ya maji mno, kisha akalala. Jioni aliomba kula majimbi.

"Liandike kwa wino," Leutu akasema.

Vaosa akaliandika. Chanzo cha kwanza: bibi yake Pesaleli. Kalamu ikasita, kisha akaongeza. Cha pili: mimi, nimemsikia.

Wiki nzima maktaba haikunukia langilangi, na Vaosa akaanza kupata usingizi. Jumatatu iliyofuata alifungua droo ya kwanza, akaurudisha mkono upesi. Kadi zote zilikuwa zimelowa. Chini yake, droo ya pili ikaanza kufunguka yenyewe.

Mbali na Pesaleli, darasa lile lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, na wote walikuwa wamemtii, kila mmoja na raba yake.