Ukurasa wa Mzee Nzau

Kila Jumamosi nyumbani kwetu Mbotela kazi zangu ni tatu: kujaza mitungi maji kabla mfereji haujakauka, kuosha sufuria za mama, na kumchana nywele mdogo wangu Wanza, ambaye hulia hata kabla kitana hakijamgusa. Jumamosi hiyo nilizimaliza zote kabla ya saa mbili. Mama, ambaye huuza chapati na maharagwe karibu na lango la mtaa, alinitazama kwa shaka.

"Kuna nini leo, Kavindu? Sijakuita hata mara moja."

"Ni lile kongamano, mama. La ukumbini."

Kongamano lilihusu programu huria na akili unde. Programu huria ni zile programu za kompyuta ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia, kuona zilivyoundwa na hata kuzirekebisha. Mwalimu Lydiah, fundi wa kompyuta aliyeanzisha klabu yetu, alikuwa ametufundisha kutengeneza tovuti ya mtaa kwa programu za aina hiyo. Kila mwenye biashara ndogo Mbotela angepata ukurasa wake. Wageni kutoka Tassia na Eastleigh wangekuja kuiona, na rafiki yangu Hibaq angetangazwa kuwa msimamizi wake wa kwanza. Hibaq alikuwa akiingoja siku hiyo tangu muhula uanze.

Klabu ilikuwa na kanuni moja: anayeandika hachapishi. Ukishaandika, mwenzako anasoma, anakuuliza maswali, kisha yeye ndiye anayebonyeza kitufe. Jina lake ndilo huonekana chini ya ukurasa.

Mimi nilipewa ukurasa wa Mzee Nzau. Mzee huyu huchonga vifaru, twiga na miiko katika kibanda chake karibu na Barabara ya Jogoo. Ni mtu mzuri, ila ana desturi yake: hazungumzi na mtu aliyekaa bure. Ukienda kumuuliza jambo anakupa msasa na mnyama ambaye hajalainishwa, nawe unasugua huku yeye akisimulia polepole. Unatoka hapo na vumbi hadi kwenye kope. Jumanne niliyotakiwa kwenda, wenzangu walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nje ya nyumba yetu.

Basi nikatafuta njia ya mkato. Niliazima simu ya mama, nikafungua programu ya akili unde, ile inayojibu maswali na kuandika kama mtu, nikaiambia: "Andika maisha ya Mzee Nzau, mchonga vinyago wa Mbotela." Kufumba na kufumbua, aya sita zilikuwa zimejaa kwenye kioo cha simu. Nilisoma ya kwanza, nikaipenda, nikazituma zote kwenye tovuti na kukimbilia mpira.

Kesho yake Hibaq alinishika mkono darasani.

"Sasa, Kavindu. Ulienda kwa yule mzee?"

"Nilienda, bana."

"Akakupa msasa?"

"Alinipa kifaru mzima. Mikono bado inaniuma."

Hibaq alicheka. "Basi poa. Kama ulienda, mimi sina maswali." Akasoma mistari michache ya juu, akabonyeza kitufe. Jioni hiyo kiungo cha ukurasa kilikuwa kinazunguka katika simu za mtaa mzima.

Jumamosi ilipofika, ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Mzee Nzau alikaa mstari wa mbele, amevaa koti lililonuka dawa ya nondo. Mama naye alisimama nyuma na ndoo yake ya chapati, maana wageni wangekula. Mwalimu Lydiah aliionyesha tovuti ukutani kwa projekta, akamwita Hibaq asome ukurasa mmoja kwa sauti. Wakachagua wa Mzee Nzau kwa sababu mwenyewe alikuwepo. Nilijipongeza moyoni.

"Mzee Nzau alizaliwa Lamu," Hibaq alisoma, "katika ukoo wa mafundi wa milango."

Watu wakacheka kidogo. Mzee Nzau alimgeukia Bwana Mativo, mwenyekiti wa mtaa. "Lamu? Mimi Lamu sijafika hata kwa matembezi."

Hibaq aliendelea, sauti imepungua.

"Baada ya kuugua kwa muda mrefu, alifariki mwaka wa 2011, akiwaacha..."

Hapo akaacha kusoma. Mwanamke mmoja alijishika kifua. Nilitazama neno 'alifariki' ukutani, kubwa kuliko kichwa changu, nikaona kwamba nilikuwa nimemuua mtu aliyeketi hatua tano kutoka kwangu.

Mzee Nzau alisimama taratibu, ameshikilia kiti.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Tangu Jumatano watu wananipigia simu. Nikisema haloo, mtu anapiga kelele na kukata. Jana ndugu yangu Muthama alinipigia kutoka kwetu Wamunyu. Aliposikia sauti yangu akaanza kuomba Mungu. Nikadhani ni mtandao mbaya."

Kijana mmoja alianza kucheka, jirani yake akamkanyaga mguu.

"Mwaka huo wa 2011 nilimzika mke wangu, Kavutha," mzee akaendelea. "Nani amelichezea jina langu hivi?"

Bwana Mativo alisogea ukutani, akasoma maandishi ya chini: Imekaguliwa na kuchapishwa na Hibaq. Uso wake ulibadilika.

"Mtoto huyu asiiguse tena tovuti ya mtaa," alisema. "Na hayo mambo ya usimamizi yaishie hapa."

Hibaq alinitazama mara moja tu. Nilingoja anitaje. Ningekuwa mimi ningemtaja, nasema ukweli.

"Ni kweli, ni mimi niliyebonyeza," alisema, machozi yakimtoka. "Nisamehe, babu. Sikusoma hadi mwisho."

Jina langu hakulitoa.

Hilo lilinishtua kuliko yote. Mtu niliyemdanganya alikuwa amesimama mbele ya watu akibeba kosa langu, naye angepoteza kitu alichokingoja miezi mitatu. Nikasimama.

"Mwenyekiti, aliyeandika ni mimi," nilisema. "Hata sikuandika, niliiambia akili unde iandike. Kwa babu sikwenda. Nilimdanganya Hibaq kwamba nilienda. Nilimwambia hata habari za kifaru."

Kutoka nyuma nilisikia sauti ya mama, ndogo kabisa. "Kwa simu yangu, Kavindu?"

Mwalimu Lydiah alifungua sehemu ya tovuti inayohifadhi historia ya kila ukurasa: nani aliandika nini, siku gani, saa ngapi. Ikatokea ukutani: Kavindu, Jumanne, saa kumi na moja jioni. Aya zote sita zilikuwa zimeingia kwa dakika moja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Njoo hapa," Mzee Nzau aliniita.

Nilikwenda nikijua nitatandikwa maneno. Badala yake alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa twiga mdogo aliyekuwa ameiletea klabu zawadi, shingo yake bado ina mikwaruzo, na kipande cha msasa.

"Sugua. Mimi nitasema. Hibaq, mjukuu wangu, wewe andika."

Basi nikasugua mbele ya ukumbi mzima, vumbi likiniangukia kwenye sketi ya kanisani. Mzee alisimulia kwamba alizaliwa Wamunyu, akafundishwa kuchonga na mjomba wake, akaja Nairobi na tezo moja ya kuchongea. Alisimulia kwamba macho ya wanyama wake yote yalipakwa rangi na Kavutha, na kwamba tangu afariki, wanyama hao hawapakwi rangi ya macho. Nilikuwa nimepita kibanda hicho maisha yangu yote bila kuliona jambo hilo. Nilimtazama twiga mkononi. Hakuwa na macho.

Hibaq alimsomea mzee kila sentensi, naye akarekebisha mbili. Ilipofika kuchapisha, Hibaq alirudisha mkono nyuma. "Mimi ndiye nimeandika. Siwezi kubonyeza."

"Basi abonyeze mwenyewe," akasema Mwalimu Lydiah.

Mzee Nzau alipangusa kidole kwenye koti, akabonyeza. Chini ya ukurasa ikaandikwa: Imekaguliwa na kuchapishwa na Mzee Nzau. Watu walipiga makofi, naye papo hapo akampigia ndugu yake.

"Muthama, usikate. Ni mimi, na niko hai. Soma ukurasa tena."

Bwana Mativo alimwomba Hibaq radhi mbele ya wote, kisha akamtangaza msimamizi wa tovuti. Mimi niliomba msamaha kwa mzee, kwa Hibaq na kwa wageni, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyenirahisishia.

Tulipokuwa tukipanga viti, Mwalimu Lydiah alitukalisha.

"Akili unde haimjui Mzee Nzau," alisema. "Ikikosa habari inaweza kubuni, tena kwa maneno matamu. Unaweza kuitumia, lakini ni lazima uhakikishe kila inachosema. Hilo ni jambo moja. Kubwa zaidi ni kwamba mashine haikusema ilienda kibandani. Wewe ndiye uliyesema hivyo, Kavindu. Kazi yetu hii inasimama kwa sababu mtu akisema 'nimefanya', mwenzake anamwamini. Ukidanganya, anayeumia kwanza ni yule aliyekuamini. Leo umesema kweli ikiwa imechelewa. Siku nyingine usiicheleweshe."

Ukurasa wangu wa uongo haukufutwa. Uko bado kwenye historia ya tovuti, chini ya ule wa kweli, na jina langu liko pale kwa yeyote atakayetaka kuliona. Siku hizi kazi zangu za Jumamosi ni nne. Nikimaliza kumchana Wanza ninakwenda kibandani, Mzee Nzau ananipa msasa, nami ninakaa na kusikiliza.