Mvua ya kwa Fundi Saa

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu, kila mtu anaita muuzaji. Fundi Saa, aliyefuata gundi tu, akamkanyaga mwanamke mwenye gauni la kijani, aliyekumbatia faneli saba za plastiki.

"Samahani, dada. Unafungua kiwanda cha mafuta?"

"Napima mvua, kaka. Na wewe unapima miguu ya watu?"

Fundi akacheka, mwenyewe akashtuka. Tangu mkewe afariki, miaka minne, waliomsemesha ni saa za ukutani. Yule mwanamke alikuwa mwalimu wa jiografia. Wanafunzi wake walitaka kupima mvua ya mtaa msimu mzima, wawapelekee vipimo wahandisi wa manispaa, ili mtaro unaoingiza maji hadi uvunguni mwa vitanda upanuliwe. Mapaa sita keshapata. Bado moja.

"Mimi ninalo paa," Fundi akasema, kabla hajaombwa.

Utaratibu ulikuwa hivi: kila asubuhi aitazame chupa yenye faneli iliyowekwa juu ya paa lake. Ikiwa kavu, apige simu aseme sifuri. Ikiwa na maji asiiguse, Mwalimu atapita na rula yake kabla ya kengele.

Juma la kwanza mvua haikukata. Mwalimu akapanda ghorofa nne kila siku, anahema, gauni lina vumbi la chaki.

"Ngazi zako zitaniua, Fundi."

"Mpenzi, hujafa bado. Kunywa chai."

"Mpenzi tangu lini?"

"Tangu juzi, milimita kumi na mbili."

Kisha mbingu zikafunga. "Sifuri, Mwalimu." "Haya, asante." Simu imekwisha. Fundi akabaki na vikombe viwili mezani, kimoja kikavu, na saa arobaini zinabishana ukutani. Upweke una tabia mbaya: ukishaonja kampani, unarudi na ndugu zake.

Siku ya tisa ya ukavu alichukua kile kikombe kikavu, akakijaza bombani, akapanda nacho juu.

Mwalimu akaja, kajifunga kitambaa kipya cha njano kichwani. Basi Fundi akamimina tena. Mara nne kwa jumla, katika wiki tano.

Mchana mmoja simu ikalia.

"Fundi, binti mmoja kaniuliza mbele ya darasa, mbona mvua inanyesha kwa Fundi Saa peke yake. Nimjibu nini?"

"Nilitia maji."

"Unatuchezea? Wahandisi wakiona namba moja ya uongo watazitupa zote! Watoto wamehangaika miezi miwili!"

Fundi akakisogeza kile kikombe cha pili pembeni ya meza.

"Usinipigie tena," Mwalimu akasema.

Hakupiga. Lakini kila asubuhi alipanda, akachungulia chupa, akaandika sifuri kwenye daftari aliloandikia vipimo tangu mwanzo. Siku kumi na nne. Kikombe cha pili kikashika vumbi.

Ya kumi na tano alipiga pasi shati lake la harusi, akaenda shuleni, akasimama mbele ya darasa na lile daftari.

"Siku nilizodanganya ni nne, nimezizungushia duara. Zifuteni. Nyingine zote ni za kweli, na hizi za karibuni mlikuwa hamna."

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Kwa nini ulitia maji, Fundi?"

"Chupa ikiwa kavu, hapandi mtu."

Mwalimu akageukia ubao, akafuta kitu ambacho hakikuwepo. Wanafunzi wakakata zile nne kwa kalamu nyekundu, wakaandika pembeni sababu yake, kama walivyofundishwa. Fundi akaondoka bila kuagwa.

Asubuhi iliyofuata jua lilichoma mapema. Akapiga simu.

"Sifuri, Mwalimu."

Simu ilileta honi za barabarani.

"Una hakika?"

"Kavu kabisa. Buibui ameanza kujenga."

"Namba zako siziamini tena, Fundi. Kuanzia leo hata sifuri nitakuja kuiona kwa macho yangu." Ngazi zikasikika zikilia ndani ya simu, kisha nje ya mlango. "Na mwaka huu, nasikia, kiangazi kitakuwa kirefu."

Fundi akakimbilia bombani, kuosha kikombe.