Antena Dirishani kwa Bi Fadhiya

Jeremy aliamka mapema, akakunja godoro lake, akageuza kitanda kuwa benchi na kubandika chai. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari ili hewa iingie.

Naam, wa gari. Shule zikifungwa, Jeremy na mama yake, Eddah, walihamia ndani ya gari lao kuukuu, refu, bati tupu, lenye vitanda viwili, jiko la gesi na meza ya kazi. Mama alikuwa fundi wa miwani. Leo yuko Kilifi, kesho Likoni, akikaza skrubu na kubadilisha vioo. Watoto wa kila mtaa waliliita gari hilo Kobe, kwa kuwa lilibeba nyumba mgongoni na, tuseme ukweli, kwa sababu ya mwendo wake.

Jumamosi hiyo Kobe alikuwa amenaswa. Walikuwa wameegesha kwenye njia moja nyuma ya Ndia Kuu, barabara ya mji wa kale, na walipoamka walikuta turubai la harusi limefungwa mbele yao na masufuria ya biriani yamepangwa nyuma yao. Hakuna kwenda mbele, hakuna kurudi nyuma.

"Basi tutakaa tule biriani," Mama alisema akicheka.

Jeremy hakucheka. Alikuwa akiitazama simu.

Kule Vihiga, Nyanya Loise alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho. Hilo ndilo jicho pekee alilobaki nalo, na kwa muda mrefu lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, hata akawa anawatambua watu kwa sauti. Yeye ndiye aliyemlea Jeremy tangu akiwa mchanga mpaka alipoanza shule. Leo saa kumi angefunguliwa bandeji, na alikuwa amemwambia Shangazi Rosebella, "Wakinifungua, nimwone Jeremy kwanza. Daktari nitamwona baadaye."

Shangazi angepiga simu ya video saa hiyo hiyo. Lakini ndani ya Kobe mtandao ulikuwa ukija na kuondoka. Asubuhi walipojaribu, uso wa Shangazi uliganda mdomo wazi, kisha ukapotea. Wala hawakuweza kutoka na simu kutafuta mahali pazuri, kwa maana betri yake ilikuwa imechoka kabisa. Ukiichomoa tu kwenye chaji ya gari, inazima.

"Gari ni bati, na nyumba hizi kuta zake ni za mawe, nene kweli kweli," Mama alieleza. "Mawimbi hayapenyi. Antena yetu inatakiwa kukaa juu, nje, waya wake ushuke mpaka kwenye ruta, hiki kisanduku cha mtandao, humu ndani. Nikirudi tutaomba kwa majirani. Napeleka miwani hii, sikawii. Na usipande juu ya Kobe, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alisikia, lakini saa nayo haikusimama. Alichomeka waya wa antena kwenye ruta, akaiweka antena kwenye kioo cha mbele. Kijiti kimoja cha mtandao. Akaitoa mlangoni. Kijiti kimoja tena, nacho kikapotea. Saa tisa ikapita na Mama hajarudi. "Kwani juu ya gari letu ni kwa nani?" alijiuliza. "Si kwetu?"

Akaifunga antena kwenye ufito mrefu, akapanda.

Loo! Akichungulia chini kupitia mlango wa nyuma, aliona taa za ruta zimewaka zote. Jeremy akanyanyua ufito juu zaidi, akaugeuza huku na huku, na ndipo alipoinua macho. Mbele yake, karibu kabisa, palikuwa na dirisha la ghorofani lililoachwa wazi, na ndani yake wanawake wameketi vichwa wazi, na katikati yao msichana amenyoosha mikono inayochorwa hina.

"Wee! We mwana!" sauti ilipasuka. "Wachungulia nini? Mwari katawa ndani, haonwi na mtu hata siku yake ifike, nawe wamtumbulia macho!"

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Jeremy akashtuka, ufito ukamponyoka, antena ikaanguka chini. Wanaume waliokuwa wakipika biriani wakaacha miiko yao.

"Shuka! Shuka hapo!" alifoka Khubaib, mjomba wa bibi harusi. "Huna adabu?"

Jeremy alishuka upesi. Mama alifika wakati huo huo, jasho likimtiririka.

"Kuna nini?"

Angeweza kusema kwamba upepo uliangusha antena. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alipomwangalia mama yake, alishindwa.

"Nilipanda, Mama. Nikawaona wanawake ndani. Sikukusudia, lakini nimewaona." Akaanza kulia. "Na sasa Nyanya hataniona."

Mama hakumgombeza. Aliokota antena, akaipangusa vumbi, akamshika mkono. "Twende mlangoni. Utasema wewe."

Mlango ulikuwa mkubwa, wa mbao nzito. Jeremy akasimama pembeni, macho chini.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Akagonga tena.

"Hodi!"

"Nani?" Ilikuwa sauti ile ile ya dirishani. Mlango ukafunguliwa kidogo. Alikuwa Bi Fadhiya, nyanya yake bibi harusi, mwenye nyumba.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi niliyepanda juu ya gari. Naomba radhi. Nilikuwa natafuta mtandao, sikufikiria dirisha la watu." Kisha akaeleza yote, jicho la Nyanya, bandeji na saa kumi.

Bi Fadhiya aliufungua mlango zaidi. Akamtazama Mama, akamtazama Jeremy na makamasi yake.

"Yuwataka kukuona wewe kabla ya daktari?"

"Ndiyo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu," alisema, akiitikia salamu ambayo alikuwa ameiacha ikining'inia. "Lete hicho kidude. Kule juu ni mimi nitakayekishika, wewe rudi garini kwako. Na macho yako yabaki huko huko!"

Basi njia nzima ikaona kioja. Bi Fadhiya alitoa antena dirishani, waya ukashuka ukutani hadi ndani ya Kobe, na Jeremy akapiga kelele mlangoni pa gari, uso ameuinamisha chini.

"Kushoto kidogo, Bibi!"

"Hapa?"

"Hapana, imepungua! Elekeza kule kwenye mnara!"

"Mnara upi? Wa simu au wa msikiti?"

"Wa simu, Bibi!"

Khubaib alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha Jeremy akaruka. "Hapo! Hapo hapo, Bibi, ifunge!"

Bi Fadhiya akaifunga kwenye nondo za dirisha kwa ukaya wake wa zamani, kitambaa cha kujifunika kichwa, na simu ikaita.

Nyanya Loise alionekana wazi, amekaa kitandani. Mkono wa daktari ukafungua bandeji polepole. Nyanya akapepesa jicho, likatoa machozi, akalipepesa tena.

Nyanya akaisogelea simu.

"Jeremy," alisema, "mbona una vumbi shavuni? Hebu nawa uso."

Mama akapiga kelele ya furaha. Jeremy akalia na kucheka kwa pamoja, akajipangusa shavu lisilo na vumbi, na Nyanya akamwambia, "Lile lingine!" Ghorofani, nyuma ya dirisha, wanawake waliokuwa wakisikiliza wakapiga vigelegele kana kwamba bibi harusi ametoka.

Jioni Bi Fadhiya alishusha antena mwenyewe, akawaletea na sahani ya biriani.

"Waijua methali, ukitaka cha mvunguni sharti uiname?" alimuuliza Jeremy. "Wewe ulitaka cha juu, ukasahau kuinama. Gari ni lako, lakini dirisha ni letu. Ungepiga hodi tangu asubuhi, antena ingekaa hapa siku nzima, nasi tusingepatwa na kiherehere."

"Nimekoma, Bibi."

"Usikome. Piga hodi tu."

Kesho yake turubai lilipofunguliwa na njia ikawa wazi, Mama aliwasha gari. Jeremy akamwomba asubiri. Alishuka, akaenda na sahani iliyooshwa ikametameta, akasimama pembeni ya ule mlango mkubwa.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," sauti ilijibu kabla hajamaliza.