Hodi Tatu za Mchana

Saadiya alijua nyumba imeharibika alipoona vikombe viwili vya kahawa.

Ilikuwa saa nane mchana, wakati ambao mji wa Lamu hujifungia ndani kulikimbia jua na hata punda husinzia wamesimama. Alikuwa amefunga kibanda chake cha fotokopi akaja kumwona mama yake, Bi Khairiya. Hakuwa amekanyaga pale tangu hitima ya kaka yake. Alimkuta mama amejitanda leso mpya, ameketi wima kwenye kiti cha marehemu Ghassan, mbele ya kompyuta ya marehemu Ghassan. Kikombe kimoja kilikuwa mkononi mwake. Cha pili kilikuwa kando ya kioo, kimenywewa hadi machicha. Na chumba kizima kilinuka kafuri, harufu ya siku ya maiti.

Bi Khairiya hakujua kuwasha hata televisheni. Sasa vidole vyake vilibonyeza vitufe polepole, kama mtu anayechambua mchele.

"Mama, ni nani alokuya?"

"Nduyo," mama akajibu bila kugeuka. "Na usiseme kwa nguvu, Ghassan yuko kwenye jambo lake."

Ghassan alikuwa na siku ishirini na mbili kaburini.

Mwanamke mwingine angepiga ukelele. Saadiya alikasirika. Hasira yenyewe haikuanza siku hiyo, ilianza siku ile alipomwambia kaka yake aende hospitali, kifua hicho si gesi, naye akajibu bila kubandua macho kwenye kioo, "Nimalize ngazi hii tu." Hakuimaliza. Walimkuta ameinamia vitufe. Mtu wa miaka arubaini na moja, mwenye akili zake timamu, anakufa akitafuta ufunguo wa shimo ambalo halipo duniani! Saadiya hakuwa amemsamehe, wala hakuwa amemlilia.

Lakini mchezo ule wa kompyuta aliujua, na alikuwa ameupenda. Baba yao aliileta kompyuta ile kutoka Mombasa, pale ofisi moja ilipotupa vitu vyake vya zamani, na ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu. Si kama michezo ya leo, ambayo mshale unakuonyesha pa kwenda na mtoto wa miaka minne anashinda. Ule ulikuwa mistari michache myeupe gizani, ukuta huku, mlango kule, na maneno machache ya Kiingereza yakikwambia kuna kitu kinapumua nyuma ya mlango. Kitu chenyewe ulikiumba wewe kichwani mwako, ndiyo maana kilitisha kuliko picha yoyote. Uliwaunda wasafiri wanne, ukawapa majina, ukawashusha shimoni, na aliyekufa amekufa. Ramani haikuwako, ulichora mwenyewe kwa penseli kwenye daftari la hesabu, hatua moja mraba mmoja. Ghassan aliwapa wasafiri wake majina ya nyumbani: Baba, Mama, Saadiya, Ghassan. Saadiya alitembea, Ghassan akachora, na penseli ile hakumwachia mtu. Saadiya alipoolewa aliuacha mchezo, na miaka yote hiyo alimwonea kaka yake wivu.

Alimsogeza mama kidogo, akasoma kioo. Baba, amekufa. Hivyo ndivyo Ghassan alivyomwacha tangu mzee azikwe. Ghassan, hai, nguvu kumi na nane. Mama, nguvu saba.

Mama wa mchezoni aliumbwa na nguvu kumi na sita. Saadiya alikumbuka vizuri, kwa kuwa aligombana na Ghassan siku nzima kwa nini mama amzidi yeye. Akautazama mkono wa mama yake wa kweli. Bangili zilizokuwa zikimbana sasa zilikuwa zinateleza hadi kiwiko.

"Mama, wala kweli wewe?"

"Bi Esha hapa jirani huniletea chakula. Sioni njaa."

Saadiya akaufuata waya hadi ukutani na kuuchomoa. Kioo hakikuzima. Chini ya majina ukajiandika mstari, na mchezo ule katika miaka yake yote haukuwahi kujua neno moja la Kiswahili:

DADA, MBONA WANIFUNGIA MLANGO?

Saadiya aliudondosha waya. Kisha hasira ikarudi na kumpita woga. Alikipiga kile kioo kofi mpaka kiganja kikamuwasha.

"Wamuumiza!" mama akalia. "Muate! Muate mwanangu!"

Kwa kubembelezwa sana, Bi Khairiya alisema ilivyoanza. Siku kumi na moja baada ya hitima ya siku tatu, saa kama hii, alikuwa amejinyosha kitandani. Mlango ukagongwa mara tatu. Sauti ya mwanamume ikasema hodi, hodi, hodi. Na Bi Khairiya, aliyelelewa kuitika hodi kabla hajauliza ya nani, kama alivyolelewa mama yake na mama wa mama yake, akaitika kule kule kitandani: "Karibu, pita ndani." Hakuingia mtu. Lakini alipokwenda kutazama, kompyuta ilikuwa inawaka, na kando ya jina la Ghassan palikuwa pameandikwa hai.

"Mimi nifanyeje?" akauliza, machozi yakimtoka. "Nimfukuze?"

*

Kesho yake mchana Saadiya alimleta Bi Mwanamkisi, mganga wa Matondoni, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali zaidi ya dawa zake. Alifika na chetezo na ubani. Hakupita daka, kibaraza cha mlangoni. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, na chetezo kikazimika chenyewe mkononi mwake.

"Huyu aliitikiwa hodi," akanong'ona. "Nani alomkaribisha?"

"Mama."

"Basi mimi sitii mkono. Jini alovamia, mimi humfukuza. Jini alokaribishwa ni mgeni, na mgeni hatolewi ila na mwenye nyumba. Mamako amtoe kwa kinywa chake, na atake kwa moyo. Akisema kwa kulazimishwa, ni bure."

"Hatasema. Amwona mwanawe."

"Basi mpasulie sanda," mganga akasema, akageuka zake.

Saadiya alimtusi tusi ambalo halikuwahi kusikika kwenye daka lile. Njia nzima Bi Mwanamkisi alikuwa akigonga milango ya majirani, akianzia kwa Bi Esha ambaye ukuta wake ni huu huu mmoja. "Nyumba ya Bi Khairiya ina kitu," aliwaambia. "Mukisikia sauti yoyote yatoka mule, hata iwe ya mtu mumjuao, musiifuate wala musiiamini." Saadiya alisikia dirisha la Bi Esha likifungwa kwa komeo.

Alirudi ndani. Mama, nguvu sita.

Aliketi sakafuni usiku kucha akimlinda mama yake, na hakikutokea kitu, kwani kile hakikuwa kitu cha usiku. Alimkasirikia mganga, akamkasirikia mama kwa kumpenda maiti kuliko aliye hai, akamkasirikia zaidi Ghassan kwa kumwachia balaa hili na kujilalia. Alfajiri, akiwa amelitazama lile daftari la ramani lililokuwa juu ya meza, alikumbuka neno ambalo kila mtu hulisema kwa mzaha. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.

Saa nane ilipofika kafuri ilianza kunuka. Mama akaleta vikombe viwili. Saadiya akamwacha amimine, kisha akavuta kiti akakaa karibu naye, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu.

"Wasema wewe ni Ghassan," akakiambia kioo. "Haya. Kahawa yetu umekunywa vya kutosha. Ghassan hakukaa bure mbele ya mchezo huu hata siku moja. Chora ramani."

Nyuma yao, katika nyumba kati, kile chumba kidogo cha ndani kabisa ambamo ukoo wao huosha maiti wake, kitu kilikwaruza ukuta.

"Kaka yangu angekwisha kuchora," Saadiya akasema. "Au hujui?"

"Mtoree, mwanangu," mama akakisihi kioo. "Mtoree huyu asiye na haya."

Mistari ikaanza kutoka, myeupe, mmoja mmoja, na Saadiya akainakili kwa penseli ili mama, ambaye macho yake hayakuzoea kioo, aione kwenye karatasi. Mraba wa kwanza ukawa mdogo wenye viti viwili vya mawe, na wa pili ukawa wazi usio na paa, na kilichofuata kikawa chumba kirefu chembamba, kisha kingine nyuma yake kilicho kirefu zaidi, na kila mstari ulipoingia penseli ya Saadiya ilizidi kuwa nzito kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaelewa kabla ya kichwa, kwamba lile ni daka lao, na ule ni ua wao, na ule msana, na ile ndani waliyokuwa wameketi sasa hivi, na kwamba vile vidoti vilivyotoka kwenye kitanda cha mama vikipinda kona na kuvuka kizingiti vilikuwa nyayo zake, kumi na moja, wayo mmoja kwa kila siku aliyompokea mgeni, zote zikielekea upande mmoja, na kwamba ilibaki miraba mitano tu kufika nyumba kati, ambamo kile kitu kilichora mwisho wa kazi yake, kwa uangalifu, kitanda cha kuoshea maiti.

Kitanda kilikuwa kitupu. Juu yake kile kitu kiliandika MAMA.

Bi Khairiya alizaliwa katika nyumba ile, akaolewa humo, akafiwa humo mara mbili. Hakuhitaji kusomewa. Alilitazama daftari kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata nyayo zake mwenyewe, kikombe kikiwa mkono wa pili.

Sauti ikatoka nyumba kati, laini, sauti ya Ghassan kabisa, na mlango wa chumba hicho ukafunguka kiasi cha kiganja.

"Mama. Ndoo, mama, karibia. Mai yako nishakutekea. Yana uvuguvugu, kama upendavyo."

Mama akasimama.

"Usende!" Saadiya akamshika leso. "Mama, wallahi usende!"

Bi Khairiya alimtoa mkono. Alisimama katikati ya ndani, mdogo, mifupa mitupu, na Saadiya akaona uso ambao hakuwahi kuuona tangu utotoni, siku walipovunja sahani za arusi.

"Umenitekea mai?" mama akauliza, na sauti ikapanda. "Mai? Miaka arubaini na moya nimemlea Ghassan, na Ghassan hakunitekea hata kata ya mai! Nikiumwa, hakuinuka. Nikimwita, 'nakuya, mama,' na haji! Mvivu wangu yule, roho yangu yule, leo amekufa ndio awe na adabu?" Alikirusha kikombe, kikavunjika kwenye mlango wa nyumba kati. "Ewe mwana haramu, wamtia mwanangu adabu asokuwa nayo? Mimi nilikukaribisha, na mimi nakutoa. Toka kwangu! Toka!"

Nyumba nzima ikavuta pumzi. Kitu kiliwapita, baridi na mvuke wa kafuri, kikavuka msana, kikavuka ua, na mlango mkubwa ukabamizwa kwa nguvu hata chokaa ikamwagika. Kioo kikazima. Waya ulikuwa bado umelala sakafuni, kama Saadiya alivyouacha.

Mama na binti walishikana palepale chini. Ndipo Saadiya alipomlilia kaka yake, kwa kwikwi, akimlaani na kumtaja kwa mapenzi katika pumzi moja. "Mjinga! Nalikwambia! Nalikwambia kifua hicho si gesi!" Mama akampapasa mgongo, na mkono wake ulikuwa na joto.

Ndipo waliposikia mlango ukigongwa. Mara tatu.

Haukuwa mlango wao.

"Hodi, hodi, hodi," sauti ikasema upande wa pili wa ukuta, na ilikuwa sauti ya Saadiya mwenyewe. "Bi Esha, ni mimi, Saadiya. Nifungulia."

Alikimbilia dirishani akapiga kelele kwa nguvu zake zote, kelele za hasira. "Bi Esha! Si mimi! Mimi niko huku! Usiitike, nakuomba, usiitike!"

Akasikia komeo likiondolewa, na Bi Esha, jirani mwema aliyekuwa akiwaletea chakula, akacheka kidogo kwa hofu.

"Karibu, mwanangu, ingia upesi," alimwambia mgeni wake. "Msikie jini wenu, ataka kunizuilia mgeni."