Chenga Kwenye Pipa la Shea

Saa mbili asubuhi mpishi wa krimu alichota mafuta ya shea kwenye pipa la stoo akagutuka. Shea ilikuwa utando tu wa juu; chini yake yalijaa mafuta ya mgando ya bei poa. Akazima jiko. Leo hapiki mtu krimu, alisema, na mnunuzi lazima aambiwe.

Saa nne Inspekta alikuwa ofisini kwa mwenye karakana ya krimu.

"Mwizi ni wifi yangu, huyo mpishi," mama huyo alisema, akisukuma kikopo mezani. "Ufunguo wa stoo tunao yeye na mimi tu. Jipake basi, afande, mikono imekupauka. Shea hii niliiyeyusha mwenyewe nyumbani."

Inspekta alijipaka. Chenga zilimkwaruza vidole kama sukari.

Jikoni, mpishi alikaa na mtoto mgongoni.

"Umeiuza wapi shea?"

"Ningeiuza, ningepiga kelele mwenyewe?"

"Wajanja wapo. Beseni hili la barafu la nini?"

"La kupozea. Shea ikipoa polepole inafanya chenga, wateja wanarudisha. Sijawahi kuiacha hivyo hata siku moja."

Inspekta alipapasa krimu ya makopo yake yote rafuni. Laini tupu. Akaenda stoo kupapasa ule utando wa pipani, kisha akapiga simu moja ndefu.

Aliwakutanisha mawifi mbele ya pipa.

"Utando huu una chenga, mama. Kama kikopo chako."

"Chenga ndiyo ushahidi?" Mwenye karakana alicheka kwa shida.

"Peke yake, hapana. Ila nimewapigia akina mama wanaokuletea shea. Msimu huu hawajaleta hata kijiko. Uliwabana bei mpaka wakaona heri miti yao ya shea waiuze kwa wachoma mkaa. Hakuna kilichoibiwa hapa. Pipa lilikuwa tupu, ukalijaza mgando, ukalifunika na shea ya nyumbani. Wifi yako alipotaka kusema, ukamwahi."

Mwenye karakana aliketi sakafuni. "Mnunuzi angetukimbia! Nikasema, si na mgando unalainisha ngozi? Nani atajua?"

Mpishi alifungua khanga, akamshusha mtoto.

"Wifi, ulitaka huyu alale rumande? Mtoto wa kaka yako?"

Mtoto akamwona shangazi yake, akacheka, akanyoosha mikono abebwe. Mwenye karakana naye akanyoosha yake, na Inspekta akaifunga pingu.