Mbwa Miguuni pa Naimah

Kila asubuhi kabla ya shule, Shamira humsaidia mama yake kubeba chumvi ya Ziwa Katwe hadi kibandani kwao, sokoni mjini Bwera. Wakimaliza kupanga makopo, mama humwekea sawa hijabu yake na kumwambia, "Haya, kimbia, kengele hiyo!" Naye hukimbia. Mama huyo, Naimah, hakumzaa Shamira. Aliolewa na baba yake, Swaib, dereva wa lori la kahawa asiyekaa sana nyumbani, Shamira akiwa na miaka minane, na tangu siku hiyo ni mama yake, basi. Shida ya Shamira ilikuwa mdomo mzito. Kumpenda mama alimpenda sana, lakini kumwambia hakuweza kabisa.

Siku moja Mwalimu Kule alileta darasani kitabu kikubwa, kikuukuu, kurasa zinachomoka. Kilijaa picha za wachoraji wa Ulaya wa miaka mia tano na zaidi iliyopita, kipindi kinachoitwa Renesansi.

"Watu hawa hawakuchora kitu bure," alisema. "Ua hili jeupe ni moyo safi. Fuvu hili juu ya meza linasema: binadamu, utakufa. Na mbwa huyu mdogo miguuni pa bibi harusi, anafanya nini?"

"Anangoja mfupa!" alijibu mwanafunzi mmoja, Resty, na darasa zima likacheka.

"Anasema mwanamke huyu ni mwaminifu, hamwachi mtu wake. Sasa kila mmoja amchore mtu wa nyumbani kwake. Msiandike hata neno moja, vitu ndivyo viseme. Mna wiki nzima, kwa hiyo mtazameni mtu wenu vizuri kwanza. Alhamisi wazazi watakuja kuona."

Moyo wa Shamira ulimruka kwa furaha. Kumbe inawezekana kusema bila mdomo! Lakini wiki ile ilikwisha kwa kuruka kamba. Jumatano jioni aliazima kitabu akanakili kila kitu: kiti cha dhahabu, gauni refu, mbwa miguuni. Uso tu ndio uliokuwa wa Naimah. Jamani, mtoto huyu amekulia katika nyumba ya Kiislamu, ambako chombo kikirambwa na mbwa huoshwa mara saba! Alijua vizuri. Ila kitabu kilikuwa kimemlevya, na muda ulikuwa umemwishia.

Alhamisi Naimah alifunga kibanda mapema, akavaa gauni lake la Idi. Shuleni alisimama mbele ya picha ya Shamira akitabasamu, kisha tabasamu likakatika. Kando yake alikuwa Yunia, jirani yao anayeuza samaki sokoni.

"Ee, Naimah! Iko imbwa chini ya miguu yako!" alisema Yunia kwa sauti. "Unalea mutoto wa mwenzako, hii ndiyo asante yake?"

Wanawake wakacheka. Naimah alijitanda leso yake vizuri, akatoka.

Mwalimu Kule alimkuta Shamira nyuma ya mlango, analia.

"Nenda ukamwambie mama, Mwalimu! Wewe ndiye uliyetufundisha!"

"Kosa langu ninalo," alisema mwalimu. "Niliwafundisha ishara za watu wale, sikuwauliza kwetu mbwa anasema nini. Nitamwomba radhi mama yako. Lakini lililo moyoni mwako, mwanangu, siwezi kulisema mimi."

Shamira alipofika kibandani, Naimah alikuwa akijaza makopo chumvi. Hakuinua macho.

"Chakula chako kiko nyumbani," alisema.

"Mama, sikukutukana." Shamira alimsogelea. "Kitabuni, mbwa ni mtu asiyekuacha. Nilitaka kusema wewe hujaniacha. Nakupenda, mama. Nilishindwa tu kusema."

Naimah aliweka kopo chini. Machozi yalimtoka huku akicheka. "Wallahi, wewe mtoto! Miaka minne nangoja neno hilo, unaniletea mbwa?" Alimvuta karibu. "Lakini niambie kweli. Yule kwenye kiti cha dhahabu ni mimi? Ulinitazama mimi, ama kitabu?"

Shamira angeweza kudanganya. "Kitabu," alisema. "Nilicheza wiki nzima, nikanakili jioni moja."

"Afadhali umesema ukweli. Basi mwombe mwalimu muda mwingine."

Mwalimu alimpa hadi Jumatatu. Kwa siku tatu Shamira alimtazama mama yake. Naimah akipakua, alianza na sahani ya Shamira, akaifunika kwa sahani nyingine isipoe. Yake ilikuwa ya mwisho. Ugali wa muhogo ukiwa kidogo, alikwangua sufuria na kusema, "Mimi nimeshiba moshi." Shamira alichora, akafuta, akachora tena, karatasi ikakaribia kutoboka.

Jumatatu Naimah alikuja shuleni pamoja na Yunia. Katika picha, mwanamke alikaa kwenye kigoda karibu na jiko. Kando yake palikuwa na sahani iliyojaa, imefunikwa. Mkononi alishika sahani yenye tonge moja.

Yunia alitazama kwa muda mrefu. "Naimah, huyu ni wewe kabisa," alisema polepole. "Mutoto, unisamehe maneno yangu."

Naimah alijishika mdomo. "Kumbe ulikuwa unaona?"

"Nimeanza kuona Ijumaa, mama."

Mwalimu Kule, aliyekwisha kumwomba Naimah radhi, aliwageukia wanafunzi. "Wachoraji wale walichora mbwa kwa sababu watu wao walimwelewa. Kunakili ni haraka, lakini kunaweza kumuumiza unayempenda. Ukitaka kusema ukweli juu ya mtu, kaa umtazame kwa subira, ufanye kazi yako mwenyewe."

Jioni ile Naimah aliponyoosha mkono kuchukua mwiko, Shamira alimwahi.

"Leo napakua mimi," alisema. Alijaza sahani mbili sawasawa, akampa mama yake ya kwanza, kisha akakaa kumngoja aanze kula.