Mikono Ndani ya Beseni

Sabuni ilikuwa haiishi. Seline Akoth aligundua hivyo asubuhi moja mwaka wa sabini na nne, akiwa mwanafunzi wa uuguzi kwenye kliniki ndogo ya kujifungulia huko Kabiro, Kawangware. Kipande kilichowekwa kando ya beseni la wodi ya mbele wiki iliyotangulia bado kilikuwa na kona zake kali. Beseni hilo lilikuwa la Wagaki, mwanafunzi mwenzake na rafiki yake, binti wa mwenye ploti hapo hapo Kawangware. Na katika wodi ya Wagaki akina mama wawili walikuwa wameshikwa na homa baada ya kujifungua. Mmoja wao, Njambi, alikuwa akitetemeka hadi kitanda kinalia.

Seline alimvuta Wagaki hadi chumba cha kunawia, penye beseni hilo, akafunga mlango.

"Wewe hunawi mikono."

Wagaki akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Unatoka kwa mama mmoja unaenda kwa mwingine hivyo hivyo. Utaua watu."

"Ongea polepole," Wagaki akanong'ona. "Anasikia."

"Nani?"

Wagaki akaelekeza kidevu kwenye beseni. "Yule mama aliyetufia. Alikata roho akiwa amenishika mkono, nikauvuta kwa nguvu. Tangu siku hiyo, nikiingiza mikono kwenye maji ananishika tena."

Seline hakubishana naye. Alikunja mikono ya sare, akamimina maji ya jagi, akaingiza mikono. Maji yalikuwa vuguvugu. Kisha harufu ikapanda, harufu ya damu iliyolala kwenye shuka, maji yakapoa, yakazidi kupoa, na kutoka chini, pale palipokuwa na enameli nyeupe tu ambayo aliiona wazi kwa macho yake, vidole vikamgusa kiganja, vikapapasa kama vya mtu anayetafuta kitu gizani, vikapita katikati ya vidole vyake kimoja kimoja, vikakaza, vikaanza kumvuta taratibu kuelekea chini, na ndani ya maji hakuona kitu isipokuwa mikono yake mwenyewe.

Alipochomoka alianguka sakafuni.

"Sasa umeamini," Wagaki akasema.

Jioni hiyo walitembea hadi Lindi, Kibera, ambako Seline alikuwa amepanga chumba kwa Mama Zainabu, mwanamke wa Kinubi aliyejulikana kwa kufukiza watu waliopandwa na majini. Aliwasikiliza huku akichambua mchele.

"Marehemu msimsingizie," alisema. "Hilo ni jini la damu ya uzazi. Limevaa mikono yake ili muogope maji. Mkiyaogopa, linapita kwenye mikono yenu hadi kwa waliojifungua, linawala."

"Tufanye nini, mama?"

"Kesho nitakuja na ubani. Lakini mimi halinijui. Limemzoea huyu." Akamtazama Wagaki. "Likikushika, usivute. Lioshe."

Waliporudi Kabiro asubuhi pamoja na Mama Zainabu, kitanda cha karibu na mlango kilikuwa kitupu. Yule mama mwingine mwenye homa alikuwa amefariki alfajiri. Wagaki alisimama akikitazama, kisha akaingia chumba cha kunawia bila kuambiwa.

Mama Zainabu alitia ubani kwenye makaa. Seline akaleta maji yaliyochemshwa na kupoa kidogo. Wagaki akaingiza mikono, na uso wake ukabadilika.

"Linavuta."

"Viganja," Seline akasema, akitaja waliyofundishwa darasani. "Migongo ya mikono. Katikati ya vidole."

Wagaki akasugua, akasugua mikono yake na ile isiyoonekana pamoja, hadi povu likachukua umbo la vidole ambavyo havikuwa vyake, virefu, vyenye viungo vingi mno, na maji yakawa mekundu kisha meusi, naye analia bila sauti lakini haachi kusugua, na alipofika kwenye kucha kilio cha mtoto mchanga kikatoka ndani ya beseni, kikashuka kwenye tundu la sakafuni la kutolea maji, kikapita chini ya nyayo zao, kikaenda kikififia kwenye mtaro wa nje.

Vidole vikaachia.

Wagaki alikwenda mwenyewe kwa sista mkuu, akasema hakuwa akinawa. Jini hakulitaja. Alisimamishwa mafunzo kwa muhula mmoja, na hakulalamika. Njambi alichomwa sindano za penisilini, homa ikashuka.

Siku Wagaki alipokuja kuchukua vitu vyake, yeye na Seline walipita kumwona. Walimkuta ameketi, anakunywa uji, mtoto amelala pembeni.

"Yule sista mwenzenu alienda wapi?" Njambi akauliza. "Yule mrefu, wa mikono baridi."

Wasichana hawakutazamana.

"Amehamishwa," Seline akasema.

"Afadhali. Mtu hasemi hata neno." Njambi akapuliza uji wake. "Alikuwa anakuja hata nyinyi wawili mkiwa mmesimama hapa. Na mlikuwa mnampisha."